Farasi Hana Mikono

Juma lililopita vijana wetu walitazama filamu yenye kiumbe ambaye kuanzia kiunoni kwenda juu ni mtu, na kuanzia kiunoni kwenda chini ni farasi. Baadaye kijana mmoja akaniuliza, "Pasta, huyo naye ana roho?" Watu wakacheka. Lakini mama mmoja tuliyetoka naye Kenya hakucheka. Alisema, "Mimi nimewaona hao. Walikuja kwetu Januari 2008. Nusu watu, nusu wanyama." Kimya kikaingia. Nimeona niwajibu wote wawili hapa, kijana na mama, na mnisamehe nikizunguka kidogo.

Viumbe hao Wayunani wa kale waliwaita sentauri, nao walisema makao yao ni milima ya Thesalia. Wako wanaodhani kwamba hadithi hii ilianza pale watu wasiojua kupanda farasi walipomwona mpandaji kwa mara ya kwanza, wakafikiri ni mwili mmoja. Mimi hainishangazi. Simama Busia jioni, umwone mtu wa boda anavyokuja na baiskeli yenye magunia ya mahindi. Ukiwa mbali huwezi kujua mtu anaishia wapi na baiskeli inaanzia wapi. Hata neno boda boda husemwa lilizaliwa kwenye mpaka huu wetu, pale Busia na Malaba, miaka ya 1960, vijana wakiwaita abiria wawabebe kutoka boda hadi boda, kwa maana kati ya ofisi za nchi hizi mbili palikuwa na mwendo wa kuchosha miguu.

Hadithi yao kubwa ni ya arusi. Mfalme Pirithous wa Walapithi alipooa aliwaalika sentauri, kwa kuwa walikuwa jamaa zake upande wa baba. Wakanywa divai, wakalewa, wakataka kumnyakua bibi arusi na wanawake wengine, na vita vikazuka palepale mezani. Waathene walivichonga vita hivyo kwenye mawe ya hekalu la Parthenoni, lililoanza kujengwa mwaka 447 kabla ya Kristo, na baadhi ya mawe hayo yako London hadi leo. Wataalamu wengi huyasoma hivi: Waathene walikuwa wamepigana na Waajemi, na kwa sentauri walimaanisha adui zao. Sisi ni watu, wale ni nusu wanyama.

Sasa mama yangu, nakuomba uitazame picha hiyo tena pamoja nami. Kinywa kilichokunywa divai kilikuwa cha nani? Cha mtu. Mikono iliyomkamata bibi arusi? Farasi hana mikono. Farasi alileta miguu tu. Ubaya wote wa arusi ile ulifanywa na ile nusu ya juu, nusu inayofanana na sisi, halafu lawama akabebeshwa mnyama.

Wengi wetu tuliokimbia baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tulivukia Busia au Malaba, tukapokewa Mulanda katika wilaya ya Tororo kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Pale Mulanda, chini ya hema, neno lililosikika kila jioni lilikuwa hilo: wale ni wanyama. Nami nililisema. Lilinipoza. Lakini tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilipochomwa na watu waliokimbilia ndani, wengi wao akina mama na watoto, petroli haikubebwa na fisi. Chui hushika mbuzi kwa sababu ana njaa, akishiba analala. Hapangi mkutano, wala haulizi jina la mtu ili ajue ni wa kabila gani.

Tena kumbukeni, wale waliotufukuza walianza kwa kutubadilisha jina. Tuliitwa madoadoa. Kule Rwanda mwaka 1994 watu waliitwa mende kabla ya kukatwa mapanga. Kwa hiyo nikimwita jirani yangu mnyama, nimeazima chombo kilekile alichonichinjia. (Najua neno hili ni gumu. Nimelifuta mara mbili nikalirudisha.)

Hao Wayunani wenyewe walikuwa na sentauri mwingine, Chiron, mwili uleule, kwato zilezile. Huyo alikuwa mwenye haki na mganga, naye ndiye aliyemlea Asklepio na Akile. Aliumizwa na mshale wa sumu wa rafiki yake Herakle, mshale uliokusudiwa mwingine. Kwa hiyo kwato si dhambi. Hata Nebukadneza, katika kitabu cha Danieli, alipokula majani kama ng'ombe hatusomi kwamba alimdhuru mtu. Tanuru la moto aliliwasha akiwa na akili zake timamu, ameketi kwenye kiti cha enzi.

Nilipomweleza mama haya alinijibu vizuri kuliko nilivyotazamia. "Pasta, nikisema ni mtu, utaniambia nimsamehe." Hapana, mama. Nikisema ni mtu, kwanza nasema anadaiwa. Mnyama hapelekwi mahakamani. Ni kweli kesi za wale sita waliotajwa kule Hague zilikoma zote kufikia mwaka 2016 bila mtu kutiwa hatiani, na hilo linauma. Lakini deni halifutwi kwa sababu hakimu amefunga faili. Na mtu anayedaiwa anaweza pia siku moja kuja kubisha hodi, jambo ambalo fisi hawezi. Kusamehe ni mazungumzo ya siku hiyo, na mlango ni wako.

Kijana naye nilimwambia kwamba kiumbe wa filamu hana roho kwa kuwa hayupo. Alionekana kusikitika kidogo.

Mama hakusema kitu. Jumapili iliyofuata alinisubiri nje mpaka watu wakatawanyika, akaniambia jina la jirani yule, la kwake na la baba yake, na kwamba walikuwa wakichota maji kisima kimoja. Miaka yote hii sikuwahi kumsikia akilitaja. Jina lenyewe sitaliandika hapa.