Noleo la Kisu: Nguvu au Pambo?

Mwaka 1901 wanasayansi wa London walimtangaza okapi, mnyama wa msitu wa Ituri ambaye Wambuti wa huko walimfahamu tangu zamani. Mwaka uliofuata, mji wa Solingen huko Ujerumani ukaanza kutoa kisu cha kukunja chenye jina hilo, cha kuuzwa katika makoloni ya Kijerumani barani Afrika. Mpini wake ni wa mbao iliyopachikwa nyota na miezi mwandamo ya chuma. Tangu 1988 kisu hicho ni cha Afrika Kusini, na nyota zimebaki. Hazikati kitu, hazishiki kitu, ila watu wanakitambua kwazo.

Mkazi wa Bigo, mjini Bunia, anayetafuta kisu cha mfukoni cha kumenya muhogo au kukata kamba ya mzigo wa pikipiki anakutana na swali la nguvu au pambo kwenye meza ya mchuuzi. Visu viwili vinafanana, kimoja kina noleo linalong'aa, nacho ni ghali zaidi. Tofauti ya bei inalipia nini?

Noleo ni kipande cha chuma kilichokaa kwenye ncha ya mpini, pale pini inapopita ili bapa lizunguke. Kwa karne nyingi mipini ilikuwa ya mbao, pembe au mfupa, na vitu hivyo hunywa maji, huvimba, hukauka, hupasuka. Bapa likisukumwa kwa upande, pini hupanua tundu lake kidogo kidogo mpaka kisu kicheze. Chuma kikiizunguka pini, tundu halilegei upesi. Hapo noleo ni nguvu, bila ubishi. Visu vya Opinel, vilivyoanza Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, vina pete ya chuma kwenye shingo ya mpini wa mti. Mwaka 1955 ikaongezwa pete inayozunguka na kulifunga bapa lisijikunjie vidoleni.

Lakini mwaka 1929, huko Thiers, kiwanda cha Cognet kilitoa Douk-Douk, ambacho mpini wake ni bati la chuma lililokunjwa, basi. Noleo hakina wala hakilihitaji, na kilienea Afrika Kaskazini kwa uimara wake. Vivyo hivyo kwa visu vya leo vyenye mabamba ya chuma cha pua ndani ya mpini: noleo huongeza uzito kuliko uimara.

Plato, katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, anamfanya Sokrate atoe mfano wa kisu cha kupogolea mizabibu. Tawi laweza kukatwa kwa chombo chochote chenye makali, lakini kilichoundwa kwa kazi hiyo huifanya vizuri zaidi, na ubora wa kitu hupimwa kwa kazi yake. Kwa kipimo hicho, noleo lisiloshika kitu ni mzigo mtupu.

Padre Mbelgiji Placide Tempels alipima kwa njia nyingine. Kitabu chake kuhusu falsafa ya Wabantu, kilichotoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1945, kilidai kwamba kwao kuwapo ni nguvu, na nguvu hukua au kupungua kwa mahusiano. Paulin Hountondji wa Benin na Fabien Eboussi Boulaga wa Kamerun walimkosoa kwa haki: hakuna fikra moja inayokaa katika vichwa vya watu wote. Bunia yenyewe ingetosha kumtatiza, maana Kilendu na Kialuri si lugha za Kibantu. Hata hivyo wazo la mahusiano linalifaa noleo. Nguvu yake haikai ndani ya chuma peke yake; inategemea mpini ambao chuma hicho kinaulinda. Kwenye mfupa ni mlinzi, kwenye chuma cha pua ni mgeni.

Je, mgeni huyo ni mwongo? Si lazima. Nyota za okapi hazijifanyi kubeba uzito, kwa hiyo anayezilipia anajua analipia uzuri. Uongo uko kwenye bati jembamba lililogundishwa juu ya mbao ili lionekane noleo. Hilo linauza sura ya nguvu kwa mtu aliyetafuta nguvu yenyewe, na kosa hilo ni la kimaadili kabla halijawa la ufundi.

Uaminifu nao hautoshi. Miaka ya 1970 Wayemeni waliopata fedha za mafuta walinunua majambia yenye vipini vya pembe ya faru. Hawakudanganywa: pembe ilikuwa pembe kweli, na thamani ya jambia ilikaa kwenye kipini kuliko kwenye makali. Soko hilo lilikuwa miongoni mwa sababu zilizowapunguza faru wa Kenya kutoka takriban 20,000 mwaka 1970 hadi chini ya 400 kabla muongo wa 1980 haujaisha. Kwa hiyo mwenye kutetea pambo ana maswali mawili ya kujibu: kama linasema kweli juu yake lenyewe, na nani mwingine amelipa gharama yake bila kuulizwa. Noleo la chuma hupita swali la pili kwa urahisi zaidi kuliko kipini cha pembe.