Siku Zake Zimekwisha

Katika darasa letu limezuka suali ambalo tumeona si vema kulinyamazia. Akifa mzazi kitandani, au kitoto kichanga kabla ya arubaini, husema watu: siku zake zimekwisha. Neno hili ni la haki, wala hapana Muislamu alikataaye. Lakini je, ni halali kwa kila mtu kulisema?

Sayyidna Umar mwanzoni aliwaandikia posho ya Baitulmali watoto walioachishwa ziwa tu. Usiku mmoja, akiwalinda wasafiri Madina, alisikia mtoto akilia hanyamazi. Alipomuuliza mamake, akaambiwa kuwa yuamwachisha mapema ili apate posho. Alfajiri aliswalisha huku akilia, hata kisomo chake hakikufahamika. Kisha akaamuru kila mtoto aandikiwe tangu kuzaliwa. Hakusema kuwa waliokwisha kufa siku zao zilifika. Alijiona ana dhima yao.

Na tutazame mfano wa karibu zaidi na zama zetu, ijapokuwa si wa watu wa dini yetu. Bermondsey ni mtaa wa London, kusini ya mto Thames. Ulikuwa mtaa wa magati na viwanda vya ngozi, na wachukuzi wake wakiishi kwa kibarua cha siku kama wa bandari yetu zamani. Huko alikaa daktari Alfred Salter na mkewe Ada, waliooana mwaka 1900. Walikataa kuhamia kwa wenye nafasi, wakamlea binti yao wa pekee pamoja na watoto wa jirani. Mwaka 1910 akafa kwa homa nyekundu, umri wake miaka minane. Hawakuhama.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1918 iliruhusu halmashauri kuweka kliniki za mama na watoto, wauguzi wa kuzuru majumbani, na maziwa kwa wasiojiweza. Iliruhusu, haikulazimisha: ilikuwa jaizi, si wajibu, na bakhili hustarehe sana katika jaizi. Bermondsey ilijifanyia wajibu, khasa tangu mwaka 1922, Ada alipokuwa meya. Salter alitoa nyumba yake ya shamba huko Kent wakapumzike waliojifungua, na gari la halmashauri lilipita njiani likionyesha filamu za afya. Wafiwa hawa walikuwa na haki ya kujiliwaza kwa msiba wao. Walipopata madaraka hawakujiliwaza kwa misiba ya wenzao.

Insafu yataka tuongeze jambo. Katika England na Wales, vifo vya watoto wa chini ya mwaka vilishuka kutoka kama 154 katika kila 1,000 mwaka 1900 hata kama 60 mwaka 1930. Lakini mama waliendelea kufa, kama wanne katika kila uzazi 1,000, mpaka zilipokuja dawa za salfa katikati ya miaka ya thelathini. Kwa hiyo hatusemi kliniki huzuia mauti.

Twasema juu ya mume anyimaye nauli ya kliniki, hali Sura ya Baqara imembebesha baba riziki ya mama anyonyeshaye. Kisha akasimama mlangoni akipokea mikono ya taazia na kusema, siku zake. Wako darasani walioona aachwe hata arubaini ipite. Sisi twaona aambiwe mapema, kwani huenda nyumbani mwake mna binti mwenye mimba.