Mgongo wa Saa

Saa ya mkono ina pande mbili. Upande mmoja una kioo, namba na mishale, na huo ndio unaotazamwa na kila mtu, hata na abiria wa jirani ndani ya basi anayetaka kujua kama amechelewa. Upande wa pili umelalia ngozi ya mvaaji. Hauonyeshi majira, haumpendezi mpita njia, na mwenye saa mwenyewe huweza kumaliza mwaka mzima bila kuutazama. Huo ndio mgongo wa saa, yaani ule mfuniko wa nyuma unaofunga mashine yake.

Ajabu ni kwamba mkusanyaji wa saa za zamani, akipewa saa aikague, huitazama usoni kwa muda mfupi kisha huigeuza. Huko nyuma ndiko anakokawia, lenzi jichoni, akisoma kila alama. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ni wazimu wa watu wenye fedha nyingi, nami siwalaumu. Lakini ndani ya mazoea hayo mna swali linalotuhusu hata sisi ambao hatujapata kukanyaga mnadani. Je, kitu huwa na thamani kwa jinsi kilivyo, au kwa ajili ya watu waliokaa nacho? Na kama ni kwa ajili ya watu, ni watu wote, au ni baadhi yao tu?

Kwanza tuitazame kazi ya mgongo huo. Asili yake ni ulinzi. Vumbi na maji ndio adui wakubwa wa saa, na mwaka 1926 kampuni ya Rolex ilitoa saa iliyoiita Oyster, ambayo mfuniko wake wa nyuma ulikazwa kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa, ili maji yasipate pa kupenya. Na kwa kuwa mfuniko hauonekani saa ikivaliwa, watengenezaji waliona ni mahali pazuri pa kuandika yale ambayo hawakutaka kuyajaza usoni: namba ya saa, aina ya chuma, aina ya kasha. Zichukue Seiko za zamani, ambazo wengi wetu tumeziona mikononi mwa baba na wajomba. Katika namba ndefu iliyochongwa mgongoni, tarakimu ya kwanza ni ile ya mwisho ya mwaka saa ilipotengenezwa, na alama inayofuata ni ya mwezi. Rolex nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zina mhuri upande wa ndani wa mfuniko, unaotaja robo ya mwaka kwa namba ya Kirumi na mwaka wenyewe kwa tarakimu mbili.

Tena wapo mafundi. Tangu zamani mafundi saa wengi wamekuwa na desturi ya kukwaruza ndani ya mfuniko, kwa ncha kali, tarehe waliyoitengeneza saa pamoja na alama zao wenyewe. Mvaaji hayaoni maandishi hayo. Anayeyaona ni fundi mwingine atakayeifungua miaka mingi baadaye, katika mji mwingine labda, naye akajua kwamba mwenzake alipita hapa. Kwa hiyo mgongo wa saa ni cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki kwa pamoja. Ukiuondoa ukauweka mwingine unaolingana, saa itaendelea kwenda bila kupoteza hata sekunde moja, lakini mkusanyaji atashusha bei. Hashushi kwa sababu chuma kimepungua. Anashusha kwa sababu shahidi ameondoka.

Mpaka hapa sina ugomvi na wakusanyaji. Kutaka kujua kitu kimetoka wapi ni jambo la akili, na anayelipa fedha yake ana haki ya kuuliza. Ugomvi unaanza pale mgongo unapobeba maneno ya binadamu.

Mwigizaji wa Marekani Paul Newman alikuwa mpenzi mkubwa wa mashindano ya magari. Mkewe, Joanne Woodward, naye mwigizaji, alimnunulia saa ya Rolex aina ya Daytona, na mgongoni akaagiza yachongwe maneno machache ya Kiingereza yenye maana hii: endesha kwa uangalifu, mimi. Hakuandika jina la mume wala jina lake mwenyewe. Mke hahitaji kujitambulisha kwa mumewe. Baadaye, katika miaka ya 1980, Newman alimpa saa hiyo kijana aliyekuwa rafiki wa binti yake. Oktoba 2017 iliuzwa kwenye mnada wa Phillips mjini New York kwa dola za Marekani 17,752,500. Ilipokuwa mpya dukani, saa ya aina hiyo ilipatikana kwa dola mia chache tu.

Mwenzake Newman katika kazi ya filamu, Marlon Brando, alichonga jina lake kwa mkono wake mwenyewe mgongoni mwa saa aliyoivaa katika filamu ya Apocalypse Now ya mwaka 1979. Mwaka 2019 saa hiyo nayo iliuzwa kwa dola 1,952,000. Herufi zenyewe ni za mtu asiye fundi. Lau zingalichongwa na kijana wa mtaani kwenye saa ya mjomba wake, angalipigwa kofi kwa kuiharibu.

Sasa tazama upande wa pili wa soko hilohilo. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, makampuni na mashirika ya Uingereza yalikuwa na desturi ya kumpa mfanyakazi wa muda mrefu saa ya dhahabu, na mgongoni pakachongwa jina lake na miaka aliyotumika. Watu hao wamekwisha kufa. Watoto au wajukuu wameziuza saa, nazo sasa ziko katika maduka ya vitu vya kale. Je, maandishi yale huongeza bei? La, kwa kawaida huipunguza. Mnunuzi hataki jina la mtu asiyemjua likae juu ya ngozi yake. Ndiyo maana wapo wauzaji wanaoupeleka mgongo kwa fundi, ukasuguliwa na kung'arishwa mpaka jina limefutika, kisha saa ikauzwa ikiwa safi.

Hapa ndipo neno la wakusanyaji linapopimwa. Wanatuambia kwamba wanapenda historia. Lakini karani aliyekaa katika dawati moja la reli kwa miaka 45 ni historia, tena ni historia ya watu wengi kuliko ile ya nyota wa sinema. Ikiwa jina la mmoja linanunuliwa kwa mamilioni na la mwingine linasuguliwa kwa msasa, basi kinachopendwa si historia. Ni umaarufu, ambao umeazima vazi la historia.

Wenye kuutetea msasa wana hoja zao, na si haki kuzipita kimya. Hoja ya kwanza ni ya mali: saa ni yangu, nimeilipia, nifanye nipendavyo. Hoja ya pili ni ya heshima: huenda marehemu asingependa jina lake lizunguke mikononi mwa wageni, na kulifuta ni kumsitiri. Hoja ya tatu ni kwamba marehemu haumii. Hawezi kujua kama jina lake lipo au halipo.

Hoja ya pili ina uzito. Ningeiheshimu zaidi kama ingetolewa hata pale jina linapoongeza bei. Sijasikia muuzaji aliyefuta jina la mtu mashuhuri kwa nia ya kumsitiri. Sitara inayofuata bei si sitara. Kuhusu hoja ya kwanza, ni kweli saa ni ya mnunuzi. Lakini kumiliki kitu hakumfanyi mtu awe mwandishi wa habari zake. Mwenye shamba anaweza kuliuza lenye kaburi ndani, na mnunuzi akapata hati halali. Bado tunajua la kusema juu ya mtu atakayeling'oa jiwe la kaburi ili shamba lipendeze zaidi kwa mnunuzi atakayefuata.

Na hoja ya tatu, kwamba wafu hawaumii, hujibiwa na wakusanyaji wenyewe. Tuseme mtu amechukua saa ya kawaida akachonga mgongoni jina la mwigizaji mashuhuri. Wote watamwita tapeli, na ni haki yake. Mwigizaji naye ni marehemu, haumii. Kosa basi liko wapi? Liko katika kuugeuza ushahidi kwa ajili ya fedha. Anayelifuta jina ili bei ipande, kisha akakaa kimya, amefanya biashara hiyohiyo kutoka upande wa pili. Mmoja ameongeza shahidi wa uongo, mwingine amemnyamazisha shahidi wa kweli. Sisemi makosa hayo yana uzito sawa, kwani anayefuta na kumweleza mnunuzi wazi hajamdanganya mtu. Lakini hata huyo ameondoa kitu ambacho hakuna fundi awezaye kukirudisha, kwa kuwa chuma kilichosuguliwa hakioti tena.

Kuna mgongo mwingine unaotufundisha tofauti ya neno la kweli na neno lenye maana. Mwaka 1969 mwanaanga Buzz Aldrin alitembea juu ya mwezi akiwa na saa ya Omega aina ya Speedmaster. Baada ya safari ile kampuni ilianza kuchonga kwenye migongo ya saa za aina hiyo maneno yasemayo kwamba hiyo ndiyo saa ya kwanza kuvaliwa mwezini. Maneno hayo ni kweli kwa aina, lakini kila saa inayoyabeba haijapata kwenda popote zaidi ya dukani. Saa yenyewe ya Aldrin, ambayo mgongo wake haungeweza kuwa na neno lolote juu ya mwezi kwa kuwa ilichongwa kabla, ilipotea baadaye ikiwa njiani kupelekwa makumbusho ya Smithsonian, na haijapatikana. Mgongo wa karani wa reli hausemi jambo kubwa kama hilo. Lakini unalolisema ni la saa ile tu, na la mtu yule tu.

Huku kwetu saa nyingi hazina maandishi ya kumbukumbu. Baba humwachia mwanawe saa, na mgongoni hakuna kitu ila namba za kiwandani, zilizofifia kwa jasho la miaka ishirini. Habari zake hubaki mdomoni: hii aliinunua alipolipwa mara ya kwanza, hii aliivaa siku ya arusi. Tukifa nasi, habari zinakwisha. Kwa sababu hiyo naona wale waliopata bahati ya kuchongewa neno wana kitu tusichokuwa nacho wengi, na kukifuta ni ubadhirifu.

Nirudi kwa yule mke na maneno yake. Thamani yake haikuzaliwa mnadani. Ilikuwa imetimia siku saa ilipovalishwa, mtu akajua kwamba kuna mwenzake anayengoja arudi salama. Newman aliendelea na mashindano hata uzeeni, na alifariki mwaka 2008 kwa ugonjwa, si barabarani. Mnunuzi wa 2017 hakuambiwa lolote na maneno yale. Alinunua barua ya watu wengine. Karani naye, siku alipopokea saa yake mbele ya wenzake, aliambiwa kwamba miaka yake imeonekana. Kwa kipimo hicho saa zile mbili zinalingana, na soko halina mizani ya kupima jambo hilo. Mwenye saa ya karani akiigeuza akalikuta jina la mtu asiyemjua, hakuna anachodaiwa zaidi ya kuliacha lilipo.