Udongo Ukiwa Bado Mbichi

Andiko kuu: Yeremia 18:1-6



Mnanijua mimi ni mtu wa hesabu. Nilisomea biashara, na mkiniona na kalamu ofisini, jueni natafuta shilingi iliyopotea. Sasa mwezi uliopita nilijikuta nimekaa chini pale Ilesi, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko. Nilikuwa nimesimama tu ninunue chungu cha maua. Nilipojitambulisha, mama mfinyanzi akacheka: "Pasta, wewe unajua kununua tu? Kaa ujaribu."

Nikaona hii ni kazi rahisi. Unakanda udongo, unauviringisha mrefu kama nyoka, unauzungusha juu ya kitako, unalainisha kwa mkono wenye maji. Haya! Upande mmoja wa chungu changu ulikuwa mnene, mwingine mwembamba kama chapati. Kikainama, kikaanguka. Watoto wakacheka sana. Mimi nikaanza kuomba msamaha kwa kuharibu mali ya mtu.

Mama wala hakushtuka. Alibonyeza kile chungu kikawa donge, akanyunyiza maji, akanirudishia. "Anza tena, Pasta."

Kiliharibika mara tatu. Mara tatu akanirudishia udongo ule ule. Na wapendwa, hapo katikati furaha ikaniingia. Nilisahau simu. Nilisahau ripoti. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilikuwa mwanafunzi, nakosea, na hakuna aliyenifukuza. Nilicheka kama mtoto.

Halafu Roho Mtakatifu akanikumbusha kijana mmoja.

Mwaka jana kijana huyu alikuwa anashika pesa za idara ya vijana. Tulipohesabu, Sh 8,000 hazikuwepo. Alikiri amezitumia. Mimi, mtu wa hesabu, nilimwondoa kwenye uongozi siku hiyo hiyo, na hapo sijutii, kwa sababu pesa ya Bwana ni lazima ilindwe. Lakini sikuketi naye. Sikumuuliza kilichompata. Alipoacha kuja ibadani, sikupiga simu hata moja. Nilifunga faili.

Sasa soma tena Yeremia 18. Nabii anatumwa nyumbani kwa mfinyanzi. Chombo kinaharibika mkononi. Angalia hilo neno: mkononi! Kuharibika hakukukitoa mkononi. Mfinyanzi anakifanya chombo kingine, kwa udongo ule ule. Ndipo Mungu anawauliza Israeli, je, mimi siwezi kuwatendea vivyo hivyo?

Lakini usiishie hapo, fungua sura ya 19. Yeremia ananunua gudulia lililokwisha kutengenezwa, analivunja mbele ya wazee, na halitengenezeki tena. Tofauti ni nini? Nilimuuliza yule mama. Akaniambia udongo, hata ukikauka juani, ukiuloweka utalainika. Ukishapita motoni, basi. Maji hayaulainishi tena. Mpendwa, kuanguka kwa mtu hakumwogopeshi Mungu. Kinachohatarisha ni shingo ngumu, mtu anayesema, "Mimi nimekwisha kuwa hivi." Ukiwa bado unaweza kulia mbele za Mungu, wewe bado ni mbichi. Sema amina!

Na sisi viongozi tujiulize: nani ametupa ruhusa ya kutupa udongo ambao Mfinyanzi mwenyewe bado anaukanda?

Nikiwa pale pale Ilesi nilinawa mikono, nikampigia yule kijana. Alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Pasta, nilidhani mlishanifuta." Nilimwomba msamaha. Tumekutana mara mbili. Analipa deni kidogo kidogo. Hajarudi kushika pesa, na hatuharakishi. Chungu hukaushwa polepole kivulini, ukikiharakisha motoni kinapasuka. Lakini Jumapili iliyopita alikaa kiti cha nyuma, na aliimba.

Chungu changu kiko mezani ofisini. Kimepinda. Hakiwezi kushika maji. Kila nikitaka kufunga faili ya mtu, nakitazama.

Wiki hii, mpigie mtu mmoja uliyemfuta.

Tuombe: Bwana, tumeharibika mkononi mwako, wala hukututupa. Tulainishe tena. Utupe mikono yenye subira kwa wenzetu. Katika jina la Yesu, amina.