Hofu na Sauti ya Siti

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, alikuwa akiuza vyungu vya udongo, akitembea kwa miguu na kunadi bidhaa yake kwa sauti. Hakujaliwa kusoma wala kuandika, na nasaba yake haikuwa na hadhi yoyote mbele ya waungwana wa mjini. Alipohamia mjini mnamo mwaka 1911 na kuanza kuimba taarabu, walitokea watu waliomtungia nyimbo za kumdhihaki kwa asili yake ya shamba na kwa sura yake. Sina shaka moyo ulimdunda, maana dhihaka ya hadhara ni adhabu kali kwa binadamu yeyote. Lakini hakuingoja hofu imtoke ndipo aanze, bali alizihifadhi beti kwa kusikiliza tu, akaimba nayo hofu ikiwa papo hapo kifuani. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kutia nyimbo zake katika santuri, na sauti iliyokuwa ikinadi vyungu ikaenea pwani nzima ya Afrika Mashariki, hata mshairi Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Nikimkumbuka Siti, nahuzunika kufikiri ni tungo ngapi zinazozeeka ndani ya masanduku ya nguo, kwa sababu wenyewe wanachelea maneno ya walimwengu. Wewe mwenye utenzi uliokatika katikati, tafadhali, kabla chai haijapoa, andika ubeti mmoja, hata vina vikikataa kulingana, kisha umsomee jirani yako leo hii.