Malezi ya Kijana: Shuleni au Nyumbani?

Kila mwaka shule zinapofunguliwa mwezi wa Januari, barabara ishukayo kutoka lango la Ngorongoro hadi Karatu huwa na vijana wengi wenye matranka na magodoro. Wamo watoto wa Wairaqw kutoka Rhotia, wamo watoto wa Wamasai kutoka Endulen na Nainokanoka, na wengine ni wa wazazi walimao vitunguu huko Mang'ola. Wengi wao hawajapita miaka 14. Baba hulipa ada, hutia sahihi, humpa mwanawe mkono, kisha hurudi kwake, na mara nyingi twamsikia akisema kwa furaha: "Sasa yumo mikononi mwa mapadre na masista, sina wasiwasi tena."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotusukuma kuandika. Je, yafaa mzazi Mkristo asiwe na wasiwasi?

Wako watu waliolitafakari swali hili kabla yetu kwa muda wa miaka elfu mbili na zaidi, nao ni Wayahudi. Tusidhani kwamba wako mbali. Karibu na mji wa Mbale, nchini Uganda, wanakaa Abayudaya, Waafrika wenzetu, ambao mwanzo wao ni mwaka 1919, pale Semei Kakungulu, mkuu wa vita mwenye sifa, alipotahiriwa pamoja na wanawe akaishika Sabato. Leo wanayo shule ya msingi, na shule ya sekondari iitwayo kwa jina la Kakungulu, na humo watoto wa Kikristo na wa Kiislamu husoma pamoja na watoto wao.

Lakini sheria yao haikuanza na shule. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, wajibu wa kumfundisha mtoto umetwikwa mzazi mwenyewe, aketipo nyumbani na aendapo njiani, alalapo na aondokapo. Mwalimu hatajwi. Talmudi, kitabu cha mapokeo yao, chasimulia kwamba hapo kale mwenye baba alifundishwa na baba yake, na asiye na baba hakujifunza kitu. Kwa hiyo waliwekwa walimu, wakapewa vijana wa miaka 16 na 17. Lakini mwalimu alipomkasirikia mmoja wao, kijana alimpiga teke la uasi akaenda zake. (Hakuna mwalimu wa sekondari hapa Karatu asiyemjua kijana huyo!) Mwishowe kuhani mkuu Yoshua ben Gamla, aliyeishi karne ya kwanza, aliamuru walimu wawekwe katika kila mji, na watoto waanze wakiwa na miaka sita au saba.

Tazama basi jinsi shule ilivyozaliwa: ilizaliwa kwa kumhurumia yatima. Nasi leo twaitumia kuwafanya yatima watoto wenye baba na mama.

Abayudaya walijaribiwa katika jambo hili. Idi Amin, aliyetawala tangu 1971 hata 1979, aliipiga marufuku dini yao. Wengi waliiacha, wakabaki mamia machache tu. Katika miaka ile hapakuwa na shule iliyoweza kuifundisha dini hiyo waziwazi. Waliobaki waliishika kwa siri majumbani. Na baada ya Amin kuondoka, ni vijana waliojikusanya juu ya kilima cha Nabugoye katika miaka ya 1980, wakaishi pamoja na kuianzisha upya jumuiya ya baba zao. Waliipata wapi imani hiyo, kama si nyumbani?

Mtu atatujibu kwamba mfugaji wa Ngorongoro hana njia nyingine. Shule i mbali, na huenda bweni ndilo litakalomwokoa binti yake asiozwe kabla ya wakati. Ni kweli kabisa, wala hatusemi mabweni yafungwe. Mwandishi wa maneno haya alipelekwa bweni akiwa na miaka 13, naye anashukuru. Lakini Wamasai hao hao wanajua kwamba umbali si kuachana. Morani hukaa mbali na mama yake, ila wapo wazee wa rika la juu, wanaoitwa olpiron, waliomwashia moto yeye na rika lake. Kumwonya na kumbariki ni kazi yao, na akikosa wao huulizwa.

Sisi twashuku kwamba kizuizi kikubwa si umbali, bali ni haya. Kijana hurudi likizoni akisema Kiingereza, na baba ambaye hakusoma humwogopa. Hudhani kwamba aliyejua kemia hawezi kufundishwa neno na mchunga ng'ombe. Loo, kosa kubwa! Kijana wa miaka 15 mwenye mashaka hamtafuti mwenye shahada; anataka kujua kama baba yake mwenyewe anasadiki. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa, siku moja, tamko lisemalo kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza, na tamko jingine linalotukumbusha udugu wetu na uzao wa Abrahamu. Huenda ilitukia tu hivyo. Walakini twapenda kuyasoma yote mawili pamoja.

Mzazi mmoja wa Karatu alitusimulia kwamba Desemba iliyopita mwanawe alimwuliza mbona siku hizi haendi Misa. "Nikamwambia, nenda kamwulize mwalimu wako wa dini," akasema, naye akacheka. Tulimwuliza kama kijana alikwenda kuuliza. Hakwenda. Wala nyumbani hakuuliza tena. Januari alifunga tranka lake, akarudi bwenini.