Saa Moja Angani kwa Mtu wa Uyole

Mtu akisema anatamani gari, ataulizwa la aina gani. Akisema anatamani kurusha ndege ndogo, tena si kwa ajira bali Jumamosi asubuhi kwa furaha yake tu, watu humtazama kwanza usoni waone kama ni mzima. Mpwa wangu ameshajifunza kunyamaza. Leseni ya rubani binafsi aliipata Afrika Kusini alipokuwa masomoni, akaingia katika klabu ya huko, na sasa kazi ya utafiti wa mazao imemleta Uyole. Swali alilonijia nalo lilikuwa moja: "Mjomba, mtu wa mshahara huku anarukia wapi?"

Uwanja wa ndege wa Songwe uko upande wa pili wa jiji la Mbeya. Kutoka Uyole unapita Mwanjelwa, Mafiati na Mbalizi, karibu kilomita 30 za malori ya Tunduma na bajaji zinazochomoka kila upenyo. Uwanja huo ulianza kazi Desemba 2012, ukachukua nafasi ya ule wa zamani wa mjini, na shughuli yake kubwa ni abiria wa Dar es Salaam. Alikwenda kuulizia ndege ya kukodi kwa saa, akarudi na namba za watu wa ndege za kukodi za watalii. Hao wanakodisha ndege pamoja na rubani wao. Yeye anataka kuwa huyo rubani.

Inashangaza kidogo, kwa sababu Mbeya iliijua ndege mapema kuliko miji mingi ya nchi hii. Imperial Airways ilipofungua safari za London hadi Cape Town mwaka 1932, ndege zilitoka Nairobi zikatua Moshi, Dodoma, kisha Mbeya, kabla ya kuvuka kwenda Mpika na Broken Hill. Mwaka 1937 kampuni ikahamia ndege za kutua majini, njia ikafuata pwani, Mbeya ikaachwa na milima yake. Ila hata katika miaka ile ya fahari, mwenyeji wa hapa aliitazama ndege akiwa chini. Nadhani sehemu ya mshangao wetu tunapomsikia kijana wa Kiafrika akitaka kuruka kwa raha yake inaanzia huko: tulizoea ndege kuwa chombo cha mgeni, cha rais, cha mgonjwa mahututi na cha mtalii.

Tuseme ukweli kuhusu gharama. Ndege kama Cessna 172, ambayo imetengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani tangu mwaka 1956, hunywa lita thelathini na zaidi kwa saa. Nayo hainywi mafuta ya ndege kubwa, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa. Inataka petroli yake maalumu, avgas, ambayo ni ghali na mbali na miji mikubwa ni adimu. Kuna ukaguzi kila baada ya saa 100 na injini kufumuliwa yote inapokaribia saa 2,000. Halafu kuna bima na kibanda cha kuilaza, na hapa ndipo mtu mmoja anapoumia, kwa sababu gharama hizi mbili hazijali kama umeruka. Ikiruka saa 30 kwa mwaka au saa 300, bima ni ileile. Ndege inayolala ndiyo ghali. Basi njia ya unafuu iliyothibitika ni watu wengi kuitumia ndege moja, kila mmoja akiweka hisa yake na kupata zamu, kama kikoba cha akina mama wa Igawilo.

Waingereza walilijua hilo mwaka 1925, ilipotoka ndege nyepesi ya Moth: serikali yao ilizipa klabu ruzuku ili watu wa kawaida wajifunze urubani. Nairobi ikapata Aero Club of East Africa mwaka 1927, ingawa "watu wa kawaida" hapo walikuwa masetla. Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkataba wa Versailles uliwabana wasiunde ndege za injini. Wanafunzi wao wakapanda mlima Wasserkuppe na ndege zisizo na injini kabisa, na kuanzia mwaka 1920 wakawa wanakutana huko kila kiangazi kushindana. Mmoja aliketi ndani, wenzake wakakimbia mteremkoni wakivuta kamba ya mpira mpaka chombo kikafyatuka kwenda hewani. Petroli haikuhitajika. Walihitajika watu wanane wa kuvuta, na kila mvutaji alijua zamu yake ya kuketi itafika.

Kwa hiyo mpwa wangu alipohama hakupoteza ndege, maana hakuwahi kuwa nayo. Alipoteza wavutaji. Fedha unaweza kuhama nayo kwenye simu. Imani ya watu waliokuona ukitua vibaya na wakakukabidhi funguo tena wiki iliyofuata haihamishiki, na kuijenga upya huchukua miaka.

Yupo aliyechagua njia nyingine. Miaka michache iliyopita fundi mmoja wa Tunduma alijulikana nchi nzima kwa helikopta aliyokuwa akiiunda gereji kwake, kwa vyuma na ujuzi wa mikono. Namheshimu. Lakini siwezi kumshauri mtu atafute unafuu kwa kuruka hatua za ukaguzi, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikiwa kali katika hilo, nitasimama upande wake. Nyanda zetu hazisamehe. Kwenye mwinuko wa Uyole, mita 1,800 hivi, injini isiyo na turbo imeshapoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake kabla hujaigusa, na mchana wa jua kali ndege inataka njia ndefu zaidi ndipo iinuke, huku Loleza na milima ya Uporoto ikiwa imekaa karibu. Rubani anayeruka kwa nadra huko ni hatari. Ndiyo maana katika nchi nyingi huruhusiwi kubeba abiria kama hujaruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90. Nilimwambia mpwa wangu afadhali saa tano na mwalimu pembeni kuliko kumi peke yake.

Mama yake, dada yangu, ana swali lake: fedha hiyo si ingeezeka nyumba? Ana haki ya kuuliza. Mimi namjibu kwamba kadi za michango ya harusi anazopokea mwanawe kila mwezi zinakula bati nyingi, na hakuna anayeuliza tija ya usiku mmoja wa ukumbini. Hilo tumelizoea, basi tunaliita utu. La mwenzetu tusilolizoea tunaliita anasa. Akilipa ada za wadogo zake, akaweka akiba, kilichobaki akakipeleka hewani, sioni alichomwibia mtu.

Ameamua hivi: atashughulikia kibali cha leseni yake ya kigeni, na likizo atapanda basi kwenda Arusha, kwenye ndege nyingi ndogo, aruke na mwalimu. Wakati huohuo anatafuta watu kama yeye hapa Mbeya. Fedha itatoka kwenye ekari ya viazi aliyokodi kwenye miteremko ya Uporoto. Madalali wameshaanza kupita wakitaka magunia ya lumbesa, naye amekaa na karatasi akipiga hesabu kila kilo ya ziada juu ya gunia inamla dakika ngapi za kuruka.